Nilimpigia Honi Mama Mkwe Wangu

Mpendwa mshauri,

Nisaidie, maana nimechoka, na sioni mtu mwingine wa kumwambia haya ambaye sitakutana naye kesho sokoni. Mimi ni mwanamume wa miaka arobaini na mmoja, nina mke anaitwa Wawira na watoto watatu, tunaishi Kiambere huku Mbeere, na kazi yangu ni kuendesha pikapu inayobeba muguka kutoka mashambani hadi Embu mjini, ambako wanunuzi wa Mombasa huwa wameegesha lori lao na hawangojei mtu. Muguka ni majani ya kutafunwa na hayana subira, yakichumwa asubuhi yanaanza kunyauka kabla hujafunga turubai, na yakinyauka hakuna anayeyataka, kwa hivyo sisi madereva tunakimbia, na ukikimbia watu wanakuita mwendawazimu, lakini ukichelewa mara mbili mwenye mzigo anatafuta dereva mwingine na hata hakuiti kitu.

Barabara yetu ni nyembamba na kingo zake zimelika, mahali pengine kutoka kwenye lami hadi kwenye udongo ni kama kushuka ngazi, na kwenye lami hiyo hiyo kuna baiskeli zilizofungwa mitungi, kuna mikokoteni ya punda inayotoka kuteka maji, kuna watu na matoroli ya kuni, kwa sababu ijapokuwa bwawa la umeme liko hapo chini na ukipanda kilima unaliona lote, maji ya bomba nyumbani hatuna. Kwa miaka kumi na miwili nimewapigia honi watu hawa. Sisemi honi ya kumjulisha mtu kwamba uko nyuma yake, nasema ile ya kumtoa, unaibonyeza ukiwa bado mbali na huiachilii mpaka ateremke kwenye vumbi, na wao huteremka, nami nilikuwa naona hivyo ndivyo mambo yalivyo, kwamba lami ni ya magari na mwenye punda ameiazima tu.

Baba mkwe wangu alifariki mwaka jana. Yeye ndiye aliyekuwa na punda na mkokoteni, akiwapelekea majirani maji, na baada ya mazishi mama mkwe akaishika kazi hiyo mwenyewe akiwa na miaka sitini na saba, maana hakutaka kukaa kuhurumiwa. Wawira aliniambia, nikasema sawa, nikadhani anapita njia ya ndani ya korongo kama zamani. Sikujua kwamba mvua ya mwezi wa nne ililijaza korongo mchanga, magurudumu yanazama, na kwamba hata wenye mikokoteni waliokuwa wakipita huko walikuwa wamehamia kwenye lami kwa kukosa kwingine.

Hapa lazima nikueleze jambo, ingawa wewe ni mtu wa Meru na pengine unalijua. Kwetu mkwe na mama mkwe wana adabu yao ya kuoneana haya, tunaiita thoni. Sisi ni watu wa kanisa, na mjini wengi wameiacha, lakini Kiambere bado ipo. Simtaji kwa jina, sili naye meza moja, siingii chumba anacholala, na nikikutana naye njiani nikiwa kwa miguu, mimi ndiye ninayetoka njiani, nasimama kwenye nyasi nimeangalia pembeni mpaka apite. Tangu nioe sijawahi kuivunja adabu hiyo, na kwao wananisifu sana kwa hilo.

Basi Jumanne moja ya mwezi wa saba, zile asubuhi za ubaridi na mawingu, kama saa tatu hivi, nilikuwa nimechelewa kwa sababu wachumaji walichelewa, nikakuta mkokoteni mbele yangu kwenye mteremko ulio kabla ya daraja dogo, umejaa mitungi, na aliyekaa juu yake amevaa koti refu la kaki na kofia ya sufu iliyoshuka mpaka masikioni. Nikaona ni mzee fulani muuza maji. Lori lilikuwa linakuja upande wa pili, ingenibidi ningoje dakika moja, pengine hata isitimie. Sikungoja. Nilibonyeza honi nikaishikilia, nikamsogelea hata karibu kumgusa, yeye akavuta kamba upande wa kushoto, gurudumu likaanguka kwenye ukingo, na nilipokwisha kupita nikaona kwenye kioo mkokoteni umelala ubavu, mitungi inabingirika, na lile koti liko chini. Nilipunguza mwendo. Naapa nilipunguza. Halafu nikajiambia mzee atainuka, watu watakuja, nikaongeza mwendo nikaenda zangu. Ningejua ni yeye ningengoja hata saa nzima.

Saa sita nikiwa Embu nimekwisha kushusha mzigo, Wawira akanipigia simu akilia. "Baba Nyaga, mama ameanguka na punda. Iko gari ilimtoa kwa barabara ikaenda. Wamemleta hapa dispensari na hakuna gari ya kumpeleka Embu. Kuja haraka."

Nikamuuliza mama amevaa nini. Sijui kwa nini nilimuuliza hivyo, lilinitoka tu. Wawira akasema, "Amevaa ile koti ya baba. Kwa nini unauliza?" Nikamwambia simu inakatika.

Nikarudi Kiambere. Mama mkwe alikuwa amelala kwenye benchi la zahanati tangu asubuhi, nyonga imevunjika, anangoja gari, na gari lililomfikia ni lile lile. Tulitandika godoro nyuma, Wawira na kaka yake Njura wakakaa naye, nami nikaendesha polepole sana ili asiumie, taa za hatari zinawaka, na njia nzima magari yakanipigia honi. Mmoja alipita akatoa kichwa dirishani, "Wewe mzee, peleka hiyo kitu kwa shamba!" Nilikuwa nalia, mshauri, na wale walioniona kwenye kioo wakadhani namlilia mama. Ningejua ni yeye asubuhi ile, hayo yote yasingetokea.

Sasa ni wiki ya saba. Alifanyiwa upasuaji, amerudi nyumbani kwake lakini hatembei, na Wawira anashinda kule akimuosha na kumpikia. Mimi kila Jumapili nafika hadi kwenye ua, nasimama nje, na kila mtu anaona ni heshima ya thoni, mkwe mzuri hamwangalii mama akiwa kitandani. Wawira hutoka na salamu. "Mama anasema asante. Anasema mpaka Embu haukumrusha hata kidogo." Wiki iliyopita akatoka na nyingine, kwamba mama anajilaumu, anasema aliyekuwa na gari alikuwa na haraka zake na yeye mzee aliingia barabara ya wenyewe. Nilirudi nyumbani sikuweza kula.

Njura naye anamtafuta dereva. Ameuliza kila mtu, anachojua ni kwamba ilikuwa pikapu nyeupe, na pikapu nyeupe huku ni nyingi. Aliniambia, "Wewe unajua hawa watu wa muguka wote. Uliza pole pole, mtu atajisahau aseme." Nami nikamjibu kwamba nitauliza. Na juu ya hayo, mwenyekiti wetu wa madereva, Ireri, amepeleka ombi kwa chifu kwamba punda, matoroli na baiskeli za mizigo zitolewe kwenye lami kabisa, zirudi korongoni, na Alhamisi ijayo kuna baraza. Ireri amenifuata hadi kwangu. "Wewe ndiye utaongea. Wewe ni mtu wa hiyo familia. Ukisema wewe ni kwa ajili ya usalama wa wamama, chifu hawezi kataa." Sikumwambia ndiyo, wala sikukataa.

Nikisema ukweli, nadhani Wawira ataondoka na watoto, na Njura sijui atanifanya nini, na leseni itakwenda. Nikinyamaza, sijui kama nitaweza kusimama kwenye ule ua Jumapili nyingine nikiletewa asante. Mimi si mtu mbaya. Ningejua ni yeye ningeegesha gari nitoke nisimame kwenye nyasi. Je, niseme au ninyamaze, na hapo barazani niseme nini? Tafadhali usitumie majina yetu.

Dereva aliyechoka,
Kiambere

EDNAH MUKIRI ANAJIBU:

Ndugu dereva,

Pole. Nimeisema mara moja na inatosha, kwa sababu pole zilizobaki ni za mwanamke aliyelala kwenye benchi kuanzia saa tatu mpaka ulipomaliza shughuli zako Embu na kurudi kumchukua. Ungesimama, angefika hospitali kabla ya saa sita. Hilo ndilo kosa lako kubwa, linaizidi hata ile honi, na katika barua ndefu namna hii umelipita haraka haraka.

Sasa tuzungumze. Umeandika mara tatu kwamba kama ungejua ni yeye ungengoja. Nimehesabu. Ninakuamini, na ndiyo maana nimekasirika. Maana yake breki zilifanya kazi, ile dakika moja ulikuwa nayo, na adabu ya kumpisha mtu umefundishwa tangu ukiwa kijana. Kila kitu kilikuwepo. Kilichokosekana ni kujua tu nani yumo ndani ya koti. Sasa nijibu wewe: yule angekuwa kweli mzee muuza maji, na nyonga iliyovunjika ikawa yake, ungekaa chini uniandikie? Ungekuwa umeshasahau. Labda umeshasahau wengine, katika hiyo miaka kumi na miwili.

Na huyo mzee muuza maji, kama yuko, naye ana wakwe. Yupo kijana mahali fulani anayetoka njiani akimwona.

Unaniambia lami ni ya magari na mwenye punda ameiazima. Nani alikuambia? Barabara ya umma ni ya umma. Mkokoteni ni chombo cha barabarani, baiskeli ni chombo cha barabarani, vinatakiwa vikae kushoto na vionekane, na wewe uliye nyuma unatakiwa ungoje mpaka iwe salama kupita. Na ukisababisha ajali, sheria inakutaka usimame, usaidie, na upeleke habari polisi. Haisemi isipokuwa kama umebeba majani. Haya huna haja ya kuyasoma kwangu, uliyasoma ulipotafuta leseni.

Baba yangu mimi alibeba viazi kwa baiskeli kutoka Kibirichia, magunia mawili kwa safari, mahali pengi akisukuma. Msimu wa mvua alirudi nyumbani upande wa kulia wa mwili wake ukiwa tope tupu na upande wa kushoto ukiwa safi. Nilikuwa mtoto, nikadhani ndivyo baiskeli inavyochafua mtu. Nilipokua nikaelewa kwamba kulia ndiko walikopita wenye haraka. Hakuwahi kulalamika, na hilo mpaka leo linaniuma, kwa sababu alikuwa ameamini kama mama mkwe wako anavyoamini, kwamba aliingia barabara ya wenyewe. Nimejibu barua za ukurasa huu kwa miaka kumi na tisa na ninachoka kuona anayeumizwa ndiye anayeomba radhi.

Kuhusu hii thoni yako. Sisi huku Meru tuna ya kwetu inayofanana, na ninaiheshimu. Lakini wewe siku hizi husimami nje ya ule ua kwa heshima. Unajificha. Unamwachia mama wa watu atume asante, unaipokea, na unarudi nyumbani kusema huli. Usile. Huko kutokula hakumsaidii mtu yeyote.

Basi fanya hivi. Anza na Wawira, na umwambie wewe mwenyewe, mchana, watoto wakiwa shuleni, mkiwa mmekaa. Usianze na muguka wala lori wala ubaridi wa asubuhi. Anza na honi. Ulipomuuliza kwenye simu mama amevaa nini, alikuuliza kwa nini unauliza, na sidhani kama ameacha kujiuliza swali hilo. Mwanamke anayeshinda akimuosha mama yake ana muda mwingi wa kufikiri. Ataondoka? Huenda. Siwezi kukuahidi kwamba hataondoka, na ningekuwa mimi ningeondoka kwa muda. Lakini ni heri aondoke akijua kuliko akae akiwa hajui anaishi na nani.

Baada ya hapo tafuta wazee wawili, mmoja wa ukoo wenu na mmoja wa kwao, waende nawe kwa Njura. Usiende peke yako, si kwa kuwa nakuogopea kipigo tu, bali kwa sababu yeye amekuomba umsaidie kumtafuta mtu, na ukampa neno lako. Hilo litamuuma kuliko ajali. Mwache aseme yote. Usijitetee. Mkitoka kwake nenda kituo cha polisi uandikishe maelezo yako, hata kama umechelewa wiki saba. Leseni ikienda, imekwenda. Utafute kazi ya mikono kwa muda, utembee kwa miguu, ujue barabara ikoje ukiwa pembeni yake.

Kwa mama mkwe, thoni haikukatazi kumwomba msamaha, inakuelekeza tu namna. Wazee hao wataingia, watamwambia kwa maneno yako, nawe utakuwa uani ukisikia. Waambie waseme jambo moja kwanza kabla ya lingine lolote: kwamba alikuwa mahali pake. Kwamba hakukosea. Akikusamehe, vizuri. Asipokusamehe, bado atakuwa ameacha kujilaumu, na amani hiyo ndiyo uliyomnyang'anya wiki hizi zote huku ukiwa na uwezo wa kumrudishia. Kisha kuna punda anayekula bure na majirani wasio na maji. Mpaka mama atembee, kazi hiyo ni yako. Utaendesha mkokoteni wewe, juu ya lami, na madereva wenzako wakikuona watacheka. Wacha wacheke.

Na barazani. Ireri anakutaka useme ni kwa ajili ya usalama wa akina mama. Sijapata kusikia jambo la kuchosha zaidi ya hili, mtu anaumizwa na gari halafu dawa ni yeye aondoke ili gari likimbie vizuri. Korongo limejaa mchanga, ulisema mwenyewe. Ukiwarudisha huko, majirani hawapati maji, na wewe unapata barabara tupu. Utasimama, ndiyo, kwa sababu wamekuita. Utasema jina lako, utasema mimi ndiye niliyekuwa na ile pikapu, utasema hakuna punda aliyefanya kosa siku ile. Uombe kingo za barabara zijazwe, uombe matuta kwenye ule mteremko, uombe madereva wakubaliane kungoja. Chifu hawezi kupitisha ombi la Ireri baada ya maneno hayo, na wewe ndiye mtu pekee pale anayeweza kuyasema.

Jambo la mwisho. Majina nimeyabadilisha kama ulivyoomba, yote. Koti nimeliacha, nyonga nimeiacha, daraja dogo nimeliacha, kwa sababu bila hayo hakuna barua. Wewe hukunipigia simu, hukunijia ofisini, umeandika gazetini, na mtu anayetaka siri haandiki gazetini. Nadhani ulitaka mtu akusemee. Mimi nimekataa kazi hiyo, lakini gazeti hili linauzwa Kiambere tangu asubuhi ya leo, na yupo jirani aliyekwisha kulifungua. Umebaki na muda wa kutoka hapo uliposimama hadi kwa mama mkwe wako, na Wawira yuko huko. Nenda ukamwambie kabla hajasomewa.

Ednah Mukiri